Mdogo wangu hakatai lolote polisi. Mbona bado wanamrudia?

Swali

Shikamoo mzee. Naandika kutoka Nkuhungu, Dodoma. Mtoto wa wifi yangu, wa kiume, miaka saba, hajaonekana tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Mtu wa mwisho kuwa naye ni mdogo wangu wa tumbo moja, dereva wa bodaboda, ambaye humchukua shule kila siku. Anasema siku hiyo alimshusha njia panda, nyumba chache kabla ya kwao, kwa sababu alikuwa na abiria anamsubiri, na mtoto akasema atatembea. Nyumbani hakufika.

Mdogo wangu ameitwa kituoni mara tatu na zote amekwenda kwa miguu yake. Simu ameitoa, namba ya siri ameitaja, pikipiki wameikagua. Kila asubuhi yuko na vijana wanatafuta kwenye makorongo. Lakini wanamuuliza yale yale, wanamwachia, kisha wanamwita tena. Upande wa mume wangu wameanza kusema mtu asiye na kosa hajipendekezi hivyo kwa polisi, na wengine wanataka twende kwa mganga akapige ramli. Mimi niko katikati: mtoto ni wetu, na mdogo wangu ni damu yangu. Kushirikiana huku kunamsaidia au kunamuumiza? Aende na wakili, au ataonekana ana la kuficha?

Jibu

Marahaba dada, na pole sana. Nilikuwa mpelelezi kwa miaka mingi kabla ya kuvua sare na kuingia kwenye uwakili, kwa hiyo kiti cha anayeuliza nimekikalia, na cha pembeni ya anayeulizwa nakikalia mpaka leo.

Nianze na unachotaka kujua kuliko vyote. Ushirikiano wa mdogo wako haumsafishi na haumchafui. Wenye hatia hushirikiana na wasio na hatia hushirikiana. Wenye hatia hukataa, na wasio na hatia nao hukataa, kwa woga, kwa hasira, au kwa sababu waliwahi kulala mahabusu bila kosa. Mpelelezi anayeijua kazi hapotezi muda kujiuliza mbona huyu ni mwepesi hivi. Anachukua kila alichoambiwa kwa hiari na kwenda kukihakiki mahali ambapo mdogo wako hayupo: kwa yule abiria aliyekuwa akimsubiri, kwenye kamera ya kituo cha mafuta, kwa mama anayekaanga vitumbua njia panda, kwenye rekodi za kampuni ya simu. Maelezo yakisimama bila yeye kuyashikilia, anaondolewa kwenye orodha. Yakianguka, hapo ndipo kuhojiwa kwa kweli kunaanza.

Kwa nini yeye na si mwingine? Mahakama ya Rufani ina kanuni, na kila mpelelezi ameisoma: mtu aliyeonekana wa mwisho na marehemu, asipotoa maelezo yanayoingia akilini, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye aliyehusika. Hiyo ni kanuni ya kesi za mauaji. Hapa hatuna mauaji, tuna mtoto ambaye hajaonekana, na naomba ibaki hivyo. Naitaja tu ili uelewe kwamba wanaporudi kwake si lazima wawe wamemchukia au wamesikia neno la wakwe zako. Na ndani ya kanuni hiyo kuna mambo mawili ambayo familia yenu inayasahau. La kwanza, kazi ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye wa mwisho ni ya upande wa mashtaka. Mpaka sasa mdogo wako ni wa mwisho kati ya waliojitokeza. Kama kweli alimshusha njia panda, basi kuna jicho jingine lililomwona mtoto baada yake, na jicho hilo halijaja kituoni. La pili, kinachodaiwa kwake ni maelezo. Ameyatoa, mapema, yanakaguliwa. Hilo ni zito kuliko machozi yote anayoweza kutoa mbele ya wifi yako.

Halafu kuna upande ambao watu hawauoni kabisa: yeye ndiye shahidi bora walio naye. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuwaambia mtoto alivaa viatu gani akitoka shule, alikuwa na begi au hakuwa nalo, alisema nini njiani, kama alikuwa na furaha au alikuwa ananung'unika, kama kuna gari lilikuwa limesimama pale njia panda. Kichwa kimoja kinabeba ushahidi na kinabeba shaka. Ndiyo maana kumshughulikia mtu wa namna hii kunataka akili nyingi: ukimbana mapema unamfunga mdomo shahidi, ukimwamini mapema unaweza kumwacha mkosaji apange mambo yake.

Kisheria pia mambo hayo mawili yana njia zake. Kwa unavyoeleza, mpaka leo wanamtendea kama shahidi: anaitwa, anaandika maelezo, anarudi nyumbani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa polisi mamlaka ya kumwita mtu yeyote mwenye kujua habari za tukio. Siku wakiwa na sababu ya kumshuku na kumweka chini ya ulinzi, lazima mambo yabadilike waziwazi. Aambiwe, kwa lugha anayoielewa, anatuhumiwa kwa kosa gani. Aonywe kwamba halazimiki kusema chochote na kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Aelezwe kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Na saa zinaanza kuhesabiwa: muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4, unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8, na zaidi ya hapo ni mpaka hakimu aombwe. Muda wa kumsafirisha au wa kumsubiri wakili wake haumo katika hesabu hiyo.

Shida ya mtu mkarimu ni kwamba mstari huo anaweza kuuvuka bila kujua. Yeye anadhani bado anasaidia, kumbe kwenye jalada ameshaandikwa mtuhumiwa. Kwa hiyo afundishe ulimi wake swali moja la heshima, alitoe kila anapoketi: "Afande, leo naandika maelezo kama shahidi, au ni maelezo ya onyo?" Maelezo ya onyo ni yale anayoandikwa mtuhumiwa baada ya kuonywa. Mpelelezi mwadilifu hatakasirika. Atamjibu, na jibu lenyewe litawaambia mko wapi.

Sasa hayo maswali yale yale, ambayo naona ndiyo yanayowachosha.

Kumbukumbu haitoki yote kwa mkupuo. Mara ya kwanza mtu anatoa kile anachodhani ni muhimu. Mpelelezi aliyefundishwa vizuri humwacha asimulie mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha humrudisha: anza na ulipomchukua shuleni, nani alikuwa getini, jua lilikuwa upande gani, redio ya duka ilikuwa inapiga nini. Baadaye humwambia asimulie kinyumenyume, kutoka alipomfikisha abiria kurudi mpaka shuleni. Mbinu hii ilitengenezwa na wanasaikolojia wa Marekani miaka ya 1980 kwa ajili ya mashahidi, si kwa ajili ya kuwatega watu, na hufanya mtu akumbuke vitu ambavyo hakujua anavyo. Katika kazi yangu vitu vya maana vilikuja mara nyingi kwenye mazungumzo ya pili au ya tatu, na vilikuja kwa njia ya ajabu: mtu anasema "sikukwambia kwa sababu niliona ni upuuzi".

Sababu nyingine ni kuyafunga maelezo kabla ya kuonyesha walicho nacho. Tuseme wameshapata picha ya kamera inayoonyesha pikipiki yake saa kumi na robo. Mpelelezi mzembe ataitupa mezani na kuuliza, "Hii nini?" Mwenye hatia atatunga hadithi inayoizunguka hiyo picha, na asiye na hatia atababaika kwa sababu amesahau dakika hizo. Mpelelezi makini ataificha, aulize kwanza kwa upole kuhusu barabara zote alizopita na saa alizopita, apate majibu kamili, kisha alinganishe. Kwa hiyo wanapomuuliza kwa mara ya nne alipitia wapi, huenda kuna kitu wanacho mkononi, na kitu hicho kinaweza kuwa ndicho kitakachomtoa.

Na hapa nimpe onyo moja. Maelezo yake ya leo yatatofautiana kidogo na ya juzi. Ni kawaida. Asijaribu kuyakariri yafanane neno kwa neno. Akigundua alikosea jambo la kweli, mfano alisema alimshusha saa kumi kumbe ilikuwa kumi na nusu, arudi aseme mwenyewe na aombe iandikwe. Kosa alilolisahihisha yeye ni dogo. Kosa hilo hilo likigunduliwa na polisi wiki mbili baadaye huitwa uongo, na mahakama zetu zimewahi kuuchukua uongo wa mshtakiwa kuwa kitu kinachoupa nguvu ushahidi mwingine dhidi yake.

Wakwe zako wanasema anajipendekeza. Wapeni kisa cha Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11 aliyetekwa Oktoba 22, 1989 katika mji mdogo wa St. Joseph, jimbo la Minnesota, Marekani. Alikuwa anarudi na baiskeli usiku pamoja na mdogo wake na rafiki yao, mtu mwenye bastola na kitambaa usoni akawasimamisha, akamchukua yeye. Ilitokea mwanzoni mwa kinjia kinachoelekea kwenye shamba moja, na usiku ule nyumbani shambani alikuwepo mtu mmoja tu, mwalimu wa muziki. Huyu mwalimu alipoona mwanga wa tochi kwenye kuni zake alipiga simu polisi mwenyewe. Aliwaeleza magari aliyoyaona. Kwa miaka mingi hakukataa kuulizwa. Malipo yake? Mwaka 2010 wakaja kuchimba shamba, wakabeba udongo, na jina lake likatangazwa hadharani kama mtu wanayemwangalia kwenye kesi hiyo.

Wakati huo jalada lilikuwa na jina jingine: Danny Heinrich. Alihojiwa miezi ile ya kwanza kabisa. Naye alishirikiana! Januari 1990 alitoa viatu vyake na matairi ya gari lake kwa hiari, vikapimwa, vikaonekana kufanana na alama zilizoachwa eneo la tukio, lakini kufanana huko hakukutosha kusema ni vyenyewe. Akaachwa. Ilichukua mpaka 2015, vinasaba vilipomuunganisha na shambulio la mtoto mwingine, ndipo wakarudi kwake kwa uzito, na Septemba 2016 akawaonyesha mahali alipomzika Jacob na kukiri mahakamani. Karibu miaka 27. Mwaka 2018 mkuu mpya wa polisi wa wilaya ile alifungua jalada kwa umma na kukosoa vikali jinsi upelelezi ulivyoendeshwa.

Nakisimulia kisa hiki kirefu kwa sababu kina watu wawili walioshirikiana, mmoja mwovu na mmoja hana kosa, na waliowasoma kwa sura zao waliwapanga kinyume. Kilichomaliza kazi ni vipimo na jalada lililorudiwa kusomwa. Mnaweza pia kusikia habari za Ian Huntley wa Soham, Uingereza, mtunza majengo ya shule aliyezungumza na waandishi wa habari kwa huzuni mwaka 2002 wakati wasichana wawili wa miaka kumi wanatafutwa, kumbe ndiye aliyewaua. Watu hupenda kukitaja kisa hicho kuthibitisha kwamba msaidizi ndiye mbaya. Hawasemi kwamba Huntley hakupatikana na hatia kwa sababu alijipendekeza. Mabaki ya nguo za watoto yalikutwa kwenye jengo la shule ambalo yeye alikuwa na funguo zake, na mwanamke aliyekuwa akiishi naye alidanganya kwamba jioni ile alikuwa naye nyumbani.

Kusoma uso si kazi ya kuaminika, dada, hata kwa sisi tuliofanya kazi hiyo. Mwaka 2006 watafiti Bond na DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu uwezo wa binadamu wa kutambua uongo kwa kumtazama na kumsikiliza msemaji. Wastani ulikuwa asilimia 54. Ukirusha shilingi unapata 50. Kwa hiyo anayekwambia "mimi nikimtazama tu machoni najua", awe askari, mzee wa ukoo au mganga, mwache aendelee kutazama.

Jambo la makorongo linanitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Najua anakwenda kwa uchungu. Lakini fikiria kama mpelelezi. Kila korongo analoingia anaacha nyayo, jasho, uzi wa nguo. Vikiokotwa baadaye, nani atajua viliachwa siku gani? Zaidi ya hapo, wapelelezi huandika nani alipendekeza kutafuta wapi na nani aliwazuia watu wasielekee wapi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu taarifa ya mtuhumiwa iliyosababisha kitu kugundulika itumike dhidi yake. Ikitokea yeye ndiye aliyeokota begi la mtoto kichakani, hata kwa bahati nzuri tu, atakuwa na kazi kubwa ya kueleza alijuaje pa kutazama. Mpelelezi mzuri angekuwa ameshamwambia kwa upole apumzike, au angemweka kwenye kundi lenye askari. Kama hajaambiwa, ajiweke mwenyewe: asiende peke yake, asitangulie mbele, awe chini ya mwenyekiti wa mtaa au polisi kata, majina ya walio kwenye kundi na eneo walilopita yaandikwe kila siku. Akiona kitu asikiguse. Apige simu, akae mbali, asubiri.

Simu aliyoitoa ni hatua nzuri, lakini mna karatasi? Kitu chochote kinachochukuliwa na polisi kinapaswa kuwa na hati ya ukamataji mali, imesainiwa na aliyechukuliwa na mashahidi. Kama hamna, ombeni sasa. Watakachotafuta ndani ni alimpigia nani saa zile, ujumbe uliofutwa, pesa iliyotumwa au kupokelewa, na minara iliyoishika laini yake. Mnara hauonyeshi nyumba. Kwa mtu aliyekuwa Nkuhungu na anayeishi Nkuhungu hautasema mengi. Lakini kama ungemwonyesha Hombolo au Kongwa saa ambayo anasema yuko mjini na abiria, hapo ingekuwa habari nyingine. Na huyo abiria! Namba yake iko kwenye simu hiyo kama alimpigia. Yeye ndiye shahidi wa mdogo wako, na kama bado hajaandika maelezo, hilo ni pengo la upelelezi.

Kuhusu wakili: aende naye. Wapelelezi wazuri niliofanya nao kazi walipenda mtuhumiwa mwenye wakili, kwa sababu maelezo yaliyochukuliwa wakili akiwepo hayapigwi mwereka mahakamani kirahisi. Kama hamna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa msaada kwa wasio na uwezo, na Dodoma kuna wasaidizi wa kisheria mpaka ngazi za kata. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itawaelekeza. Wakili asipopatikana siku hiyo, aende na ndugu mtu mzima atakayeandika saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Mtu anayetaka sana kusaidia ana udhaifu mmoja ambao askari mvivu anaujua: hujaza mapengo. Ataulizwa, "Huenda ulimshusha mbele kidogo, siyo?" naye, kwa uchovu na kwa kutaka yaishe, atasema huenda. Kesho "huenda" imekuwa "alikiri". Ataambiwa, "Sema tu chochote tumpate mtoto, tutakusaidia." Hakuna wa kumsaidia. "Sijui" ni jibu kamili. "Sikumbuki" ni jibu kamili. Asome maelezo yake kabla ya kusaini, au asomewe, arekebishe kisichokuwa chake, na asisaini karatasi yenye nafasi wazi. Katiba, ibara ya 13(6), inakataza mtu kuteswa na inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Ungamo mbele ya polisi linapokelewa mahakamani pale tu lilipotolewa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo ni wa mashtaka. Ikitokea amepigwa, Mungu apishie mbali, mwambieni hakimu siku ya kwanza na mwende hospitali siku hiyo hiyo na fomu ya PF3.

Nyumbani sasa. Wakwe wasimfanyie mahojiano yao sebuleni. Nasema hivi kwa sababu ya uchungu wao na kwa sababu ya kesi pia: kila anayemuuliza anampa habari mpya ("nasikia alionekana na mwanamke mwenye kanga nyekundu"), na mwisho yeye mwenyewe hatajua alichokiona na alichosikia. Ndiyo maana wapelelezi hubakiza siri moja au mbili za tukio ambazo hazitangazwi, ili anayezijua ajulikane. Mkizimwaga kwenye magrupu mnaua kipimo hicho.

Ramli, hapana. Ramli chonganishi haijawahi kurudisha mtoto, imeshaua watu. Na sisi wa Dodoma hatuna sababu ya kusahau uvumi unaweza kufanya nini: Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kilimo kutoka Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji na gari lao kuchomwa, kwa sababu neno lilizunguka kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Kama kuna mtu ameshaweka picha ya mdogo wako kwenye grupu la mtaa na kuandika kwamba ndiye aliyemficha mtoto, mwambieni aifute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza habari za uongo. Mkihofia usalama wake, mwenyekiti wa mtaa na mkuu wa kituo waambiwe leo, na alale kwa ndugu ambaye polisi wanajua alipo. Asihame kimya kimya. Hilo ndilo kosa ambalo wengi hulifanya, na siku ya pili linaitwa kutoroka.

Wifi yako anahitaji kusikia jambo hili kutoka kwako, si kutoka kwangu: kadiri watu wote wanavyomtazama dereva wa bodaboda, ndivyo wanavyoacha kutazama kwingine. Salt Lake City mwaka 2002 macho yalielekezwa kwa fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi nyumbani kwa Elizabeth Smart, msichana wa miaka 14 aliyetekwa. Fundi yule alifariki Agosti mwaka huo huo akiwa bado mikononi mwa serikali. Elizabeth alipatikana hai Machi 12, 2003. Aliyemteka alikuwa mtu mwingine, kibarua aliyewahi kufanya kazi ya siku moja pale nyumbani, na mdogo wake Elizabeth ndiye aliyemkumbuka, miezi kadhaa baada ya tukio. Nasema hai, na narudia: baada ya miezi tisa.

Kwa hiyo safari ijayo ya kituoni uende wewe na wifi yako, wawili, na namba ya RB, ile ya taarifa mliyofungua polisi, mkononi. Muulizeni mpelelezi kama yule abiria ameandika maelezo. Muulizeni kama nyumba zote kati ya njia panda na kwenu zimehojiwa moja moja, pamoja na wapangaji na mafundi waliokuwa kwenye nyumba zinazojengwa, na kama mashimo ya maji, visima na makaro ya eneo hilo yameangaliwa, maana mtoto anaweza kuwa amepata ajali bila mkono wa mtu. Muulizeni kama picha yake imefika stendi ya Nanenane, stesheni za reli, hospitali, na madawati ya jinsia na watoto ya Manyoni, Singida na Morogoro. Muulizeni kama upande wa baba yake mtoto umeulizwa, na kama kuna mtu aliyewahi kumwahidi kwenda mjini, kwa sababu mkoa wetu hutoa watoto wengi wanaopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 ipo kwa ajili hiyo. Kama kuna mwenye habari anayeogopa kituo, namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Na muombeni jambo la mwisho, ambalo halina gharama: Jumatano, kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja, wasimame pale njia panda na picha ya mtoto. Watu wana ratiba. Muuza maji, mwalimu anayerudi, dereva wa daladala, mama anayetoka mnadani: waliopita Jumatano ile saa ile watapita tena. Wasimamishwe mmoja mmoja. Mdogo wako asiwepo.